Nyumba Isinuke Kwanza, Ndipo Inukie

Kiswahili kimetenganisha maneno mawili ambayo wauzaji wa manukato ya kopo wangependa tuyachanganye: kunuka na kunukia. Nyumba inayonuka ikipuliziwa harufu ya mawaridi haianzi kunukia, bali hunuka na kunukia kwa pamoja, na mchanganyiko huo hushinda uvundo wenyewe kwa ubaya, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kupanda matatu iliyopuliziwa manukato juu ya jasho la abiria wa jioni. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unashughulikia kunuka kwanza, na kunukia kumewekwa mwishoni kabisa.

Nimeuandika nikizifikiria nyumba za Nairobi zenye watu wengi na nafasi ndogo. Katika fleti yetu ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, tunaishi watu sita na paka mmoja. Jiko linapakana na sebule bila mlango, nguo huanikwa kwenye kiroshani kisichozidi hatua tatu, na maji ya mfereji hayaji kila siku. Vitu vinavyohitajika ni vya kawaida: siki nyeupe, ndimu au limau, soda ya kuokea, chumvi, jivu, magazeti ya zamani na jua.

Hatua ya kwanza: Tafuta chanzo kwa pua

Pua huzoea haraka. Aliyekaa ndani kwa dakika chache tu huacha kusikia harufu ambayo mgeni huipokea mlangoni, kwa hiyo usianze kukagua ukiwa umeamka tu. Toka nje, tembea robo saa, kisha rudi na uingie polepole ukinusa kabla hujafanya jambo jingine lolote. Simama katika kila chumba, halafu uiname, kwa kuwa vyanzo vingi viko chini: nyuma ya friji, chini ya sinki, uvunguni, kwenye tundu la maji la bafuni.

Msimu mmoja wa mvua za masika tulisumbuliwa kwa siku nne na harufu iliyotufanya tuamini kuwa panya amefia ukutani. Tulifua mapazia, tukasugua sakafu, tukamwaga dawa kwenye mabomba yote. Siku ya tano, nilipokuwa nikibadilisha mtungi wa gesi, niliona nyuma yake kiazi kimoja kilichobingirika kutoka kwenye kikapu; kwa juu kilikuwa kizima, lakini nilipokigusa kidole kiliingia ndani, na maji meusi yakatiririka chini ya kabati. Kiazi kilichooza hunuka kuliko nyama. Tangu hapo viazi na vitunguu vyetu hukaa kwenye kikapu cha waya kilichoning'inizwa, na kila mmoja wetu anajua kuvibonyeza kabla ya kupika.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Ukisikia harufu inayofanana na mayai viza au kabichi iliyooza karibu na meko, usishughulike na siki. Gesi ya kupikia yenyewe karibu haina harufu. Huongezwa kemikali inayonuka vikali ili ivujapo ijulikane. Funga reguleta, fungua madirisha na mlango, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa, na uutoe mtungi nje ikiwa unaweza kufanya hivyo kwa usalama.

Hatua ya pili: Ipe nyumba hewa

Kati ya Juni na Agosti, baridi ya Nairobi hutufanya tufunge kila kitu. Watu sita wakilala usiku kucha katika nyumba iliyofungwa, pumzi zao hujaza hewa unyevu, na unyevu huo huishia kwenye kuta, nguo na magodoro. Mara tu mnapoamka, fungueni madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango ikiwa chumba kina dirisha moja tu, kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano. Muda huo unatosha kubadilisha hewa bila kuzipoesha kuta. Anayeishi kando ya barabara yenye vumbi, au karibu na mahali panapochomwa takataka, achague saa ambayo moshi haujaanza. Jioni madirisha yafungwe kabla mbu hawajaingia, yaani kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Nyumba nyingi za hapa zina matundu madogo ya hewa juu ya madirisha, na wapangaji wengi huyaziba kwa magazeti ili baridi isiingie. Yazibueni. Matundu hayo huondoa uvundo na unyevu usiku mzima, na ni muhimu zaidi kwa wanaopika kwa jiko la makaa, ambalo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu yoyote na inayoua watu usingizini. Jiko lililo na makaa hai halilazwi ndani, hata kama matundu yako wazi.

Hatua ya tatu: Jikoni

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na kazi hiyo hurahisika ukielewa kwamba harufu nyingi za jikoni ni za aina mbili. Shombo la samaki hutokana na kemikali zenye tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi, hasa ile iitwayo trimethilamini, na besi hutulizwa na asidi. Ndiyo maana ndimu hufanya kazi ambayo sabuni peke yake haiiwezi. Uchachu wa maziwa yaliyomwagika, uji uliolala na jasho la miguu hutokana na asidi, na asidi hutulizwa na soda. Ukipaka siki kwenye maziwa yaliyochacha unaongeza asidi juu ya asidi. Ukipaka soda kwenye shombo unalibembeleza tu.

Mnapopika omena au tilapia, osheni kwanza sufuria, visu na sinki kwa maji baridi, kwa kuwa maji moto huigandisha protini ya samaki kwenye chombo. Kisha sugueni kwa nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye chumvi, mkianza na kibao cha kukatia, ambacho huficha shombo katika mikwaruzo ya kisu. Acheni kwa dakika tano, suuzeni, halafu mmalizie kwa sabuni na maji moto. Mikono nayo hivyo hivyo. Kama omena ni za kukaangwa, fungueni dirisha kabla mafuta hayajapata moto badala ya kungoja moshi ujae, na mfunge milango ya vyumba vya kulala, kwa kuwa mvuke wa mafuta ndio unaobeba harufu hadi kwenye mapazia na kuiacha huko.

Sponji na kitambaa cha vyombo vina uchafu mwingi kuliko vyombo vinavyooshwa navyo. Mara mbili kwa wiki, vichemsheni kwa dakika tano katika sufuria isiyotumika kwa chakula, mvikamue na kuvianika juani. Sponji isiyokauka kati ya chakula kimoja na kingine huanza kunuka siku ya pili, na hakuna ndimu itakayoisaidia; itupwe.

Vyombo vya plastiki vilivyoshika harufu ya vitunguu vipakwe uji mzito wa soda na maji, viachwe wazi usiku kucha, kisha vioshwe. Wapo wanaotumia magadi, yale ya kulainishia githeri yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado, na kwa pipa la taka yanafaa sana kwa sababu yana nguvu kuliko soda ya kuokea. Hata hivyo, nguvu hiyo huwasha mikono na hula alumini: sufuria ikilowekwa kwenye magadi hutoka nyeusi.

Friji hunuka mahali ambapo watu hawaangalii. Izimeni, toeni kila kitu, mpanguze kuta kwa maji ya vuguvugu yenye vijiko viwili vya soda kwa kila lita, kisha mchukue mswaki mkuukuu na kuupitisha katika mikunjo ya raba ya mlango, ambamo maziwa na mchuzi hujificha. Friji nyingi zina pia kitundu cha kutolea maji ukutani kwa ndani, na kisahani cha kuyapokea nyuma karibu na mota. Stima ikipotea usiku kucha na nyama ikayeyuka, maji yake huishia humo, na friji itanuka hata ioshwe mara kumi. Baada ya usafi, wekeni bakuli wazi lenye soda kikombe kimoja kwenye rafu ya kati na mwibadilishe kila baada ya miezi mitatu hivi.

Kuhusu taka, kanuni yangu ni kwamba kinachonuka ni maji. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ianze kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tulirudia gazeti, nalo lina faida ambayo mfuko haukuwa nayo: hunyonya. Tandikeni magazeti mawili au matatu chini ya pipa, mnyunyize juu yake kiganja kimoja cha jivu, na kabla ya kutupa maganda au majani ya chai myachuje hadi yaache kudondosha. Ikiwa wazoaji taka huja mara moja tu kwa wiki, matumbo ya samaki na mifupa vifungwe kwenye gazeti na kugandishwa katika friji ya juu hadi asubuhi ya siku hiyo. Mama mkwe wangu alicheka alipoona takataka zangu zikilala kwenye barafu, lakini mwezi uliofuata nikaambiwa naye amefanya vivyo hivyo.

Hatua ya nne: Matundu ya maji

Chini ya kila sinki, na chini ya tundu la sakafu bafuni, bomba limekunjwa mfano wa herufi U ili maji kidogo yabaki kwenye mkunjo. Maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya bomba la maji taka isipande ndani. Bafu lisilotumika kwa majuma kadhaa hukauka mkunjo, na uvundo huingia bila kizuizi chochote. Sisi tuliishi na jambo hilo mwezi mzima. Keateka, yaani mtunza jengo, alituambia kuwa bomba kuu limeziba, fundi akaja akadai fedha za kulipasua, na tatizo likaisha siku mtoto alipomwaga kwa bahati mbaya ndoo ya maji ya kufulia katika choo cha wageni.

Katika nyumba inayohifadhi maji kwenye mitungi, ni rahisi kusahau bafu ambalo halitumiki. Mwageni kila tundu kikombe cha maji mara moja kwa wiki, hata maji ya kuoshea mboga yatafaa. Mkisafiri kwa Krismasi, ongezeni juu yake kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Mafuta huelea na kuchelewesha maji kukauka.

Kwa tundu linalonuka ingawa lina maji, ondoeni kichujio, mtoe nywele na ute kwa mkono wenye glavu, kisha mmwage nusu kikombe cha soda na kuifuatishia maji moto yasiyochemka, kwa sababu maji yanayochemka hulegeza viungo vya bomba za plastiki. Kuna desturi ya kumwaga soda na siki kwa pamoja. Povu lake hupendeza, na huenda likang'oa uchafu uliolegea, lakini vitu hivyo viwili hutulizana vyenyewe kwa vyenyewe na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi. Tumieni kimoja leo na kingine siku nyingine.

Hatua ya tano: Nguo, viatu na magodoro

Nguo iliyofuliwa ikatoka na harufu ya uvundo haikukosa sabuni, ilikawia kukauka. Bakteria waliobaki kwenye nyuzi huzaliana kadiri nguo inavyokaa na majimaji, na mwezi wa Julai sweta ya shule huweza kukaa hivyo siku tatu. Msiache nguo zilizolowekwa zilale ndani ya ndoo. Katika maji ya mwisho ya kusuuza tieni nusu kikombe cha siki kwa ndoo moja. Harufu ya siki hupotea nguo ikikauka. Zianikwe zikiwa zimeachana upana wa kiganja, na soksi zining'inizwe kwa upande wa vidole ili mpira wa juu usilegee.

Viatu vya shule vinastahili kuonewa huruma. Mtoto huvivaa kwa muda wa saa kumi, huvivua vikiwa na unyevu, kisha huvivaa tena kabla havijakauka. Vikiwa vimelowa, vijazwe magazeti yatakayobadilishwa mara moja kabla ya kulala. Vikiwa vikavu lakini vinanuka, fungeni vijiko viwili vya soda ndani ya soksi nzee na mviwekee usiku. Kuviacha nje ya mlango kungekuwa dawa bora, ila katika ploti yetu viatu vilivyoachwa nje huwa na tabia ya kutembea vyenyewe.

Mtoto akikojoa kitandani, msisugue. Kandamizeni taulo kavu hadi lisilowe tena, nyunyizeni siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, mngoje dakika kumi, mkandamize tena, kisha mtandaze soda juu ya doa na kuiacha hadi ikauke kabisa. Ipanguzeni, halafu mlisimamishe godoro juani. Utaratibu huo unafaa pia kwa kapeti ambalo paka amelichagua, mradi mjaribu siki kwanza kwenye pembe isiyoonekana ili rangi isichujuke. Makochi yatandazwe soda kavu kwa nusu saa na kupigwa brashi, na vitambaa vya kufuma vya mgongoni vifuliwe kila wiki mbili, kwani hubeba mafuta ya nywele za watu wote.

Kabati la nguo lisogezwe shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake. Ukungu uliokwisha kuota ukutani upanguzwe kwa siki isiyotiwa maji, uachwe saa nzima, kisha usuguliwe na kukaushwa. Makaa makavu ndani ya kopo lililotobolewa hupunguza unyevu wa kabati, ingawa makaa ya kawaida ni dhaifu kuliko yale yaliyotengenezwa mahususi kwa kunyonya harufu, na msiyategemee kufanya muujiza. Siki isimwagwe kwenye sakafu ya terazo, kwa kuwa asidi hula mng'ao wake. Wala, kwa hali yoyote, msichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Vikikutana hutoa gesi yenye sumu, na bafu dogo hujaa gesi hiyo haraka.

Hatua ya sita: Sasa inukie

Nyumba ikishaacha kunuka, kiasi kidogo cha manukato hutosha. Ninachopenda zaidi ni sufuria ndogo ya maji yenye maganda ya chungwa, karafuu sita, kipande cha mdalasini na shina la mchaichai lililopondwa, inayochemka kwa moto mdogo kabisa wakati chakula cha jioni kinapoandaliwa. Maji yaongezwe kabla hayajakauka, la sivyo mtakuwa na harufu ya kuungua wiki nzima. Rosmari, ambayo katika mitaa mingi ya Nairobi hupandwa kama uzio, hukaushwa kwa kuning'inizwa jikoni na kufungwa katika mifuko ya kitambaa kwa ajili ya kabati. Anayepita njia ya Narok au Naivasha anaweza kupata leleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu ambayo Wamaasai wameyatumia tangu zamani kujinukishia kwapa; fungu moja nyuma ya mlango wa sebule hudumu kwa muda mrefu.

Halafu kuna udi na ubani, na huko Eastleigh uunsi wa Wasomali, unaochomwa kwenye dabqaad ya udongo jinsi watu wa pwani wafukizavyo kwenye chetezo. Kifukizo hushika kwenye mapazia na nguo kuliko manukato mengine yote, na ndiyo sababu kinastahili kuja baada ya usafi. Kipande kidogo kama punje ya mahindi kinatosha sebule nzima, dirisha likiachwa wazi kidogo, kwani moshi wa manukato bado ni moshi: ukiwa na mtoto mchanga au mwenye pumu ndani, baki na sufuria ya karafuu. Wenye paka wajihadhari pia na mafuta makali ya mimea yanayouzwa kwa vichupa, hasa ya mti-chai, ambayo mwili wa paka hushindwa kuyasafisha.

Chetezo kiwekwe juu ya kigae au sinia, mbali na pazia, wala kisipitishwe chini ya nguo zilizoanikwa za nailoni. Mkimaliza, makaa yake yamwagiwe maji hadi yaache kutoa sauti ndipo yatupwe, kwa sababu pipa letu, kama mnavyokumbuka, limetandikwa magazeti.